Tundu la Waya

Nililinunua kwa zamu yangu ya likilimba,
dola mia nane, na cherehani ya pili juu yake:
boti lililolala kifudifudi Muhumba
nyuma ya hoteli iliyosahau wageni wake.
Kuku walitaga humo chini.
Mlinzi aliyahesabu mayai kuwa mshahara,
tukabishana asubuhi nzima
kama boti limeuzwa pamoja na kuku.

Shemeji yangu Mushagalusa akacheka:
"Fundi wa makochi, utalishonea nini, foronya?"
Sikumjibu. Nilikuwa nimeshapitisha kiganja ubavuni,
kama ninavyopima kitambaa kabla ya mkasi,
na kiganja kiliniambia: mifupa ipo.

Basi msasa.
Msasa, maji, msasa, vumbi la faiba kwenye nyusi,
shingo ikiwasha hadi usiku wa manane.
Chini ya nyeupe, kijani.
Chini ya kijani, buluu ya shirika fulani
na herufi tatu ambazo hakuna aliyezikumbuka.
Chini ya buluu, nyekundu ya mtu aliyependa mbio.
Kila mwenyewe alipaka juu ya mwenzake
bila kumuuliza.

Na karibu na usukani, upande wa kulia,
kizibo cha sabuni na lami, kigumu kama jino.
Mushagalusa akakichokoa kwa bisibisi.
Likabaki tundu, upana wa kidole changu cha mwisho,
lililoingia safi, likatoka limechanika.
Tulijua. Bukavu hamna asiyejua.
Akatia bisibisi mfukoni, akaenda kunywa chai.

Injini ilitoka Kadutu, nguvu za farasi arobaini,
imefungwa blanketi kama mgonjwa.
Fundi Cirhuza akafungua kabureta juu ya gazeti,
akanusa plagi moja moja.
"Haijafa," akasema. "Imenuna tu."

Rezini tuliikorogea mwiko wa ugali
(mama aliulilia, nikamnunulia miwili),
na Snel walipokata umeme katikati ya kazi
tulimulika kwa simu tano, mikono ikitetemeka,
maana rezini haimsubiri mtu.
Ikiganda, imeganda.

Viti nilivishona mimi. Hapo walinyamaza.
Turubai la lori kwa nje, sponji ya godoro la watoto,
mshono mara mbili, pindo zikitazama chini
maji yasipate pa kuketi.
Chini ya kila kiti, boya.
"Unakula nafasi ya mizigo," Mushagalusa akasema.
"Ndiyo," nikasema.

Siku ya rangi, Cirhuza alikuja na kopo la mwisho
kuliziba lile tundu.
Nikamwambia ngoja.
Taa ya mbele ilikuwa bado haina njia.
Nikaulamba waya ncha, kwa mazoea, kama uzi,
nikaupitisha humo,
nikauzungushia mpira. Ukakaa.
Kilichopita hapo mara ya kwanza hakikubisha hodi.
Hiki nimekipitisha mimi.

Jana jioni tulilisukuma majini.
Injini ikakohoa, ikatema esansi, ikakohoa tena,
halafu ikashika, na watoto wote wa Muhumba
wakaziba masikio kwa furaha.
Niliwasha taa.
Ziwa likaonyesha kipande chake kidogo, cha kijani.

Jina bado sijaliandika.
Tuliporudi, mlinzi alikuwa amesimama kwenye mawe,
amefumba kiganja.
Akanipa yai, lingali na joto.
"La boti," akasema.