Fimbo ya Pazia

Nimekuja na fimbo ya pazia, Bwana Faraj,
mita mbili na sentimita kumi, ya chuma.
Cheka ukipenda.
Wenzangu huja na fundi. Fundi ninaye:
ni yule Kitsao, keshaingia chini ya gari,
vyaonekana viatu vyake tu.
Lakini mnunuzi ni fimbo. Mimi namsindikiza.

Kunja kiti cha nyuma. Fungua buti.
Ingiza polepole, usinikwaruzie dashibodi
kabla sijailipia.
Haya. Imeingia.
Ncha yake imesimama karibu na kioo cha mbele,
imebakisha vidole vitatu.
Vidole vitatu, Bwana Faraj:
hapo ndipo bei ianzapo kuzungumzwa.

Wewe wanisifia rangi. Rangi ya lulu, wasema.
Mji huu hauna haya na rangi ya mtu,
chumvi ya hewa huanza na mlango, kwa chini,
kimyakimya, kama deni la dukani.
Kitsao agonga bati kwa ukucha, asikiliza.
"Hapa pamepakwa puti," asema. "Na hapa."
Umeshapunguza elfu ishirini
bila kufungua mdomo.

Injini ni ndogo, sikatai.
Ikisimama kwenye taa yasinzia
kama cherehani yangu nikitafuta uzi.
Tukapanda daraja la Nyali tukiwa watatu,
wa tatu ni shangazi Bi Shamsa,
ambaye uzito wake haujadiliwi.
Katikati ya mwinuko gari likafikiri kidogo,
likashuka gia, likasema *mmh*,
likapanda.
Nimejua waume wasiofika hapo.

Mafuta nimepima mwenyewe.
Jana ulinipa ufunguo, nikajaza pale Buxton
hadi pampu ikajikata,
nikaenda Mtwapa kumpimia mteja madirisha,
nikarudi palepale, nikajaza tena:
kilomita thelathini na sita,
lita mbili na kikombe cha kahawa.
Kijana wa pampu alidhani nimemtania.
Daftari langu laonyesha mwezi uliopita
tuktuk zilikula elfu kumi na nne na mia tatu,
mbali na ile pikipiki ya Kisauni
iliyoburura pindo la hariri kwenye matope
hadi mlangoni mwa bibi harusi.

Aibu zake pia nimeziandika.
Tumbo li chini, matuta ya Mtopanga yalilikuna mara mbili.
Watu wazima watatu nyuma,
magoti yatajuana na videvu.
Gurudumu la akiba ni jembamba kama biskuti.
Na ndani ya redio mna bibi wa Kijapani;
kila niwashapo gari aniambia neno kwa adabu,
sijui ni karibu au ni funga mkanda,
na stesheni za hapa nyumbani hazijui hata moja.
Nitamjibu kwa Kimvita. Tutazoeana.

Shemeji yangu Mbwarahaji amepiga simu mara nne.
Ataka nichukue lile jeusi la pembeni,
refu, la kupandishia mabega,
nionekane mtu mbele ya wateja.
Nimemuuliza: lanywa lita ngapi hadi Mtwapa?
Akaniambia lina viti vya ngozi.

Sasa, laki sita na kumi ni bei ya lulu.
Ya puti ni laki tano na themanini,
na matairi mawili ya mbele unibadilishie,
hayo yamekuwa na upara kuliko wewe, usikasirike.

Bwana Faraj yuafuta jasho kwa leso.
Februari, saa saba mchana,
hata paka wa yadi wamejificha chini ya magari.
Hapo mlango wa nyuma ukafunguka kidogo,
sauti ya Bi Shamsa ikatoka:
"Hebu punguzeni hiyo eisi, jamani,
mifupa yaniuma kwa baridi."

Faraj akanitazama.
Nikajifanya naisoma fimbo yangu,
midomo nimeibana.
Meno yakionekana, bei hupanda.