Unga wa Jirani

Jumapili mwinjilisti Chiloloma alisoma
habari za mjane wa Sarepta, na unga usiokwisha.
Niliitikia amina, yangu ikapita paa.

Jumatatu mtoto wa Nyemo akabisha hodi,
bakuli kifuani, vumbi la Mvumi hadi kwenye kope.
Nami nilikwisha kulifunika debe la uwele kwa kanga
kama mtu afichaye uchi.

Ni rahisi kumpenda mjane wa mbali.
Huyu wa ng'ambo ya korongo
ana mbuzi waliomaliza karanga zangu,
wala hakusema pole.

Nikapima vibaba viwili.
Cha pili mkono ulisita, Mungu aliona.

Na unga ulipungua, nisidanganye.
Alhamisi kibaba kiligonga bati,
sauti ambayo Februari
kila nyumba huku inaijua.

Jioni bakuli likarudi, limeoshwa,
ndani mlenda mkavu, konzi moja.
Mtoto kasimama tu, haondoki:
"Mama anauliza, leo mnapika?"

Sijui kama muujiza huwa mdogo hivyo.
Nilikung'uta debe,
nikasonga kilichokuwamo.
Kamwite mama yako, nikasema.
Mbuzi muwafunge.