Kushuka na Ndege

Nachingwea, uwanja uliojengwa kwa ajili ya karanga
zilizogoma kuota kabla mama hajazaliwa.
Vumbi jekundu bado linanitambua:
limefika magotini kabla sijafunga kamba za viatu.

Miezi saba.
Miezi saba nililala mkekani, chini ya kitanda cha mama, wodini Ndanda,
mikono ikajifunza kumgeuza bila kumwamsha,
ikajifunza kuhesabu matone ya dripu,
ikasahau
kishikio kiko upande gani.

Somoe hakuuliza habari za hospitali. Aliuliza tarehe.
Akafungua kadi ya parashuti ya akiba, akaisoma kwa kidole,
"Hii imelala siku nyingi kuliko wewe,"
akaimwaga yote juu ya turubai, kitambaa na kamba,
akaanza kuipapasa uzi kwa uzi
kama atafutaye chawa kichwani mwa mtoto wa watu.
Kamba hukatikia pembamba,
na wembamba ndio aliokuwa akiutafuta.

Nandonde naye akanitundika
kwenye boriti ya ghala la korosho. Ghala tupu, mnada umekwisha,
harufu ya maganda ingali ukutani.
Mikanda imenibana mapajani, miguu inaning'inia
sentimita arobaini kutoka sakafuni,
kimo ambacho hakijamuua mtu.
"Umefunguka, kamba zimesokotana?"
Nikapiga mateke, nikazisokotoa.
"Haukufunguka kabisa?"
Nikatazama. Nikashika. Nikavuta
hewa.
Mkono ulikwenda kiunoni, mahali pa kushikia shuka la mgonjwa,
na kishikio cha akiba kilikuwa kifuani,
kimya.

"Umekufa," akasema Nandonde, bila ukali,
jinsi mtu anavyosema chai imepoa.
"Tena."
Nilikufa mara nne kabla ya saa sita.
Baada ya hapo sikufa.

Jioni akanikabidhi mwavuli mpana, wa wanafunzi,
rangi ya chungwa lililoiva mno.
Mimi, mwenye miruko mia moja na kumi na miwili!
Wangu mdogo, mwepesi wa kugeuka, ukabaki kwenye begi.
Nilikuwa na neno. Nikalimeza; lilikuwa na miba, lakini likapita.

Jumamosi tukapanda. Ndege ikakohoa juu ya mikorosho,
saa ya kimo mkononi ikahesabu futi elfu tatu, elfu sita, elfu tisa,
Lukuledi ukawa uzi ulioanguka kutoka kwenye cherehani.
Mlango ukafunguliwa.
Redio ikasema upepo umeamka huko chini, soksi ya uwanja imenyooka.
Nandonde akawatazama wenzangu, walioruka jana na juzi,
akawaachia. Wakatoka mmoja mmoja,
wakawa vitone, kisha wakawa hakuna.
Akanitazama mimi. Akatikisa kichwa.

Kushuka na ndege kuna aibu yake:
unarudi umeketi, mzima, umefungwa mkanda kama mzigo uliokataliwa sokoni.
Somoe alinipokea kwa muhogo wa kuchemsha.
"Kazi yangu imerudi haijakunjuliwa," akasema,
"leo nalala mapema."

Jumapili, saa moja asubuhi, soksi imelala kwenye mlingoti wake.
Nikajipapasa: kifua, kiuno, mapaja. Kifua tena.
Nikatoka.

Sitasema juu ya kuanguka; kuanguka hakutaki mazoezi.
Nitasema juu ya mkono:
futi elfu tano na nusu, mapema kuliko nilivyozoea zamani,
ulikwenda wenyewe mahali pake,
na chungwa likachanua juu yangu, zima, pembe zote.
Nikalikagua mara mbili ndipo nikalishukuru.
Likanishusha polepole, kama linamshusha mtu mwingine, mtu mzito na wa thamani,
nikatua kwa makalio kwenye majani makavu,
nikacheka peke yangu.

Mama akapiga kabla sijakusanya kitambaa.
"Umeshuka?"
Nimeshuka.
"Na ndege, au bila?"
Bila, mama.
Akanyamaza. Nikasikia kitanda chake cha kamba kikilia,
akijigeuza mwenyewe.