Thelathini na Nne

Miaka kumi na tisa Gunvor ameendesha baiskeli ya posta,
toka gati la Degerby hadi mashamba ya mwisho,
na hajawahi kuomba maji njiani.
Siku ile alipoteremka akaisukuma
kwenye kilima cha kanisa,
kilima ambacho hata ng'ombe hawajui kuwa ni kilima,
mimi nilidhani ni gurudumu.
Nikalijaza upepo.

Usiku akasema: njoo usikilize.
Nikaweka sikio mgongoni mwake
kama mdukizi ukutani.
Du.
Kisha kimya, kimya ambacho ndani yake
ningeweza kulitaja jina lake lote, hadi la ukoo.
Du.
Kwa saa ya jikoni: thelathini na nne.
Na feri ya kwanza ni alfajiri.

Daktari wa Mariehamn, msichana mwenye viatu vyekundu,
hakuuliza habari za chumvi wala za marehemu baba yake.
Aliuliza: Juni ulipita kwenye majani marefu?
Gunvor akacheka, kwa pumzi ya kukopa.
"Binti, mimi ni mtu wa posta. Majani ndiyo barabara."

Lilikuwepo duara, jekundu, nyuma ya goti.
Nililiona mimi. Nikasema: mbu.
Neno hilo bado limenikaa kinywani
kama uzi wa nyama kati ya meno.

Kupe. Si yule mnene wa kupasuliwa kwa kucha;
huyu ni punje ya mchicha iliyoota miguu.
Alikunywa kidogo, akaacha vijidudu vilivyosokotwa kama parafujo,
navyo vikaenda kukaa pale
chumba cha juu cha moyo kinapokiamuru cha chini.
Mke wangu alielewa kabla yangu:
"Barua zinatumwa. Tarishi ndiye kalala njiani."

Wakamtundikia dawa. Wakapitisha waya shingoni
hadi moyoni, wa kumwazima mapigo.
Jirani akanipigia simu: Valdemar, piga moyo konde.
Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, konde nimelikunja,
nisijue nimpige nani.

Siku ya saba waya ukatoka.
Sitini na mbili, zake mwenyewe.

Sasa kila jioni nashika tochi na miwani ya kusomea,
nakagua nyuma ya magoti, kwapani, kwenye mstari wa nywele.
"Umemaliza?" anauliza, supu inapoa.
Bado, nasema. Geuka.
Nami nalilaza sikio mgongoni, kidogo tu,
mahali ambapo kupe hawakai.