Daftari la Ajali

Barua ilikuja Jumatatu, ina muhuri wa zambarau:
mkaguzi atafika Alhamisi, saa tatu asubuhi.
Niliisoma mara mbili nimesimama.
Mara ya tatu nikakaa juu ya gogo la mtiki.

Karakana hii ya Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
aliianza marehemu mume wangu kwa randa moja ya kukopa.
Mimi nilijua hesabu. Mbao nilijifunza kwa pua:
mninga unanukia, mvule unakupalia kooni.

Tukaanza na vumbi.
Tukafagia hadi tukaikuta sakafu,
kumbe nyekundu!
Kaniki, mwaka wake wa kumi na tisa hapa,
akasema, "Mama, mimi sijapata kuiona."

Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa juu ya kabati.
Ndani: kete za drafti, risiti ya nyama,
bandeji moja iliyokauka ikawa ubao.

Mlango wa nyuma haufunguki.
Umezibwa na kitanda, futi sita kwa sita,
alichoagiza kijana wa Chumbageni kabla ya Ramadhani;
akalipa nusu, harusi ikavunjika, akaingia mitini.
"Kwa hiyo moto ukiwaka," nikamwambia Hoza,
"tutaungulia chumbani mwa watu wasiooana."
Akacheka.
Kisha akaacha kucheka, akaupima mlango kwa futi.

Jumanne, mtungi wa kuzimia moto,
mshale wake kwenye kijani.
Bei yake kabati mbili za jikoni. Nililipa nimeuma ulimi.
Hoza akavuliwa kandambili, akapewa buti za mtumba,
zikampwaya, akazijaza magazeti.
Sasa akitembea unasikia habari za juzi zinakunjwa.

Kinga ya msumeno tuliitafuta kutwa.
Singano ndiye aliyejua iliko:
chini ya benchi lake, ndani ya gunia,
tangu tulipoivua kwa kuwa inachelewesha kazi.
"Tulipoivua," nasema.
Mimi ndiye niliyesema ivuliwe.
Kulikuwa na madawati mia mbili ya shule, na tarehe.

Aliirudisha mwenyewe, bolti kwa bolti,
kwa mkono wa vidole vitatu.

Jumatano usiku. Orodha inataka daftari la ajali.
Nimenunua jipya, nimelipiga mistari kwa rula:
tarehe, jina, kilichotokea, hatua iliyochukuliwa.
"Liache jeupe," Kaniki akasema,
"mkaguzi hapendi hadithi."

Jeupe.
Siku ile unga wa mbao uliinywa damu upesi,
tukafagia,
na alasiri msumeno ukawa unalia tena.

Singano yuko kizingitini na chai yake ya mchaichai,
haniangalii, hanisaidii.
Nikamuuliza, "Ilikuwa tarehe ngapi?"
"Kumi na tisa, mwezi wa tano. Jumamosi. Saa nane kasoro robo."
Hakufikiri hata kidogo.

Nikaandika. Mlango wa nyuma u wazi, upepo unapita;
kitanda kiko uani, kuku wa jirani kajilalia.
Kalamu ikakwama safu ya nne.
Nikaandika: nauli ya kwenda Bombo, na mchele kilo kumi.

Akainuka, akaja kusoma juu ya bega langu,
kikombe kikinifukia shavuni.
"Zilikuwa nane," akasema.

Nikakata kumi. Nikaandika nane.