Ufunguo wa Tatu

Kiuyu hatuna udongo, tuna mawe.
Muhogo ukipandwa huku huota kwa haya,
basi tunavuna jiwe lenyewe:
nyundo, kipande cha mpira lisiruke,
na jicho nusu, kama la mtu anayetazama jua.
Ndoo ya kokoto shilingi mia tano,
gari likija.
Gari halijaja tangu Mfunguo Sita.

Bi Asinati Chimele hukaa kuliani kwangu.
Babu yake aliletwa kupalilia mikarafuu,
akazikwa chini ya mkarafuu usio wake.
Mama yake kazaliwa Mtambwe, yeye kazaliwa hapa,
na mwanawe nusura azaliwe juu ya rundo hili,
mkunga akiwa mama yangu.
Lakini karatasi haimjui.
Ofisini huulizwa, "Kwenu wapi?"
Husema, "Hapa."
Huulizwa tena,
kana kwamba hapa si mahali.

Siye swali hilo tulikwisha kulijibu.
Mwaka tulioanza kuweka hisa
tulinunua sanduku la bati, la kijani, kufuli tatu.
Ufunguo wa kwanza mimi, kwa kuwa najua kuandika.
Wa pili Mize, kwa kuwa hana ndugu wa kumkopa.
Wa tatu tukampa Asinati,
kwa kuwa siku muuza duka alipomzidishia chenji elfu kumi
aliirudisha kwa miguu, maili mbili,
na vuli inamwagika.

Juzi kaja afisa kutoka Chake, kijana, viatu havina vumbi.
Kiwanda cha mwani kinataka wanawake thelathini:
kukausha, kusaga, kupakia.
Mshahara kwa mwezi.
Neno mwezi tuliligeuzageuza mdomoni kama tende.
Kwanza fomu. Halafu kikundi kionyeshe akiba,
laki nane, taslimu, azihesabu kwa macho yake.
Jina. Namba ya kitambulisho. Uzoefu wa kazi.
Nikaandika: Mawe, miaka kumi na tisa.
Akacheka kidogo, akakata, akaandika: Hana.
Alipofika kwa Asinati akafunika kalamu.
"Huyu asubiri awamu nyingine."
Asinati akakung'uta kanga, akaenda zake.
Hakugomba.
Nilitamani agombe.

"Haya, leteni hilo sanduku."
Tukalileta. Nikafungua yangu.
Mize akafungua yake.
Kisha kimya. Kuku akapita katikati yetu
kama mwenye miadi.
"Na hiyo ya tatu?"
"Ufunguo upo."
"Upo wapi?"
"Shingoni," akasema Mize,
"kwa yule anayesubiri awamu nyingine."
Afisa akatazama saa, akatazama kufuli,
akatutazama sisi, mara ya kwanza tangu aje.
"Si mvunje? Nyundo mnazo."
Nyundo tunazo, kweli. Thelathini na moja.
Zilikuwa mapajani, kwenye mchanga, begani mwa Mize.
Hakuna iliyonyanyuka.

Sikwambii kwamba Asinati kaajiriwa.
Simu zilipigwa tatu. Sheha kaitwa akiwa msibani,
kasema barua ataandika, ila muhuri uko Wete,
na mwenye muhuri yuko semina.
Jua likatufika utosini. Afisa akaomba maji,
akanywa kwa kata ya Asinati bila kujua ni ya nani.
Alipoondoka aliacha fomu moja, tupu, juu ya sanduku,
kaiwekea kokoto isipeperuke.
Sijui kama alisahau.

Nimeichukua. Jina nimeandika, tarehe nimeandika.
Pa namba pako wazi.
Pale panapouliza makaazi
nimeandika kwa wino, herufi kubwa, nikarudia juu yake
mpaka karatasi ikataka kutoboka:
HAPA.

Gari la kokoto limekuja leo.
Dereva anataka ndoo sitini kabla ya adhuhuri.
Asinati kanisogezea mpira wake, wangu umekatika.
Tunagonga.