Kipande cha Thelathini na Moja

Maabara iko chini, ghorofa isiyo na dirisha.
Theluji inayoiangukia Ostrava
twaijua kwa matope ya viatu vya Bohumil,
fundi mitambo, asiyekung'uta miguu.

Kazi yangu ni kuvunja.
Vijiti vya chuma, unene wa kidole cha shahada:
mashine inavikamata kichwa na mguu,
inavuta, inaachia, inavuta, inaachia,
mara ishirini kwa sekunde,
mpaka kijiti kiseme basi.

Chuma hakivunjwi na uzito, alinifunza Profesa Kubala.
Chuma huvunjwa na mazoea:
mzigo mdogo, unaobebeka,
unaorudi.

Baba aliinama miaka ishirini na sita
kwenye kinu cha kusubu vyuma.
Sikubeba kitu kizito hata siku moja, husema.
Mgongo wake haumuungi mkono.

Vimevunjika vipande thelathini.
Barua za kuomba kazi nimetuma kumi na tisa:
kiwanda cha pampu, kiwanda cha mabehewa,
chuo kimoja cha Graz kitakacho mtafiti wa miezi minane
(miezi minane! Ufa wangu haujatambaa bado).
Wote wanamtaka kijana mwenye uzoefu wa mzee.
Wote wanasikitika kuniarifu,
wanasikitika kwa maneno yaleyale,
mkato palepale.

Jana wakaniita Plzeň, watengeneza ekseli za treni.
Mezani watu watatu, mmoja anatafuna kalamu.
"Bi Vymazalová, wewe umetengeneza nini?"

Jibu nilikuwa nalo, nimelifua, nimelipiga pasi.
Likanitoka. Nikasema:
Sijatengeneza kitu.
Nimevunja thelathini,
na kila kimoja najua kilikatika saa ngapi
na ufa ulianzia ubavu gani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa.
Lakini huu wangu huanza mwembamba kuliko unywele,
ndani, chini ya rangi nzuri, chini ya muhuri wa mkaguzi,
na juu yake wamekaa abiria mia tatu wanakula mikate.
Nani azibe asichokiona?
Mtu wa kwanza ni yule anayejua pa kutazama.

Mwenye kalamu akaacha kutafuna.
"Tutakupigia," wakasema.
Nami neno hilo nimelipima mara nyingi,
najua linabeba kilo ngapi.

Usiku, ndani ya treni ya kurudi,
sikulala. Nilisikiliza miguuni:
inavuta, inaachia.

Saa saba nikafungua maabara.
Kipande cha thelathini na moja kilikuwa bado kizima,
na juu ya kioo karatasi, mwandiko wa Bohumil,
umepakaa grisi:
*Milioni tisa. Hakitaki. Nenda ukalale.*

Simu mfukoni, kimya.
Nikaweka kiganja kwenye kioo, kikatetemeka nacho.
Hakitaki.
Nikavuta kiti.